Muulize Mzimamoto: Wanaopita Nkuhungu wakidai hela ya kengele ya gesi

Baridi imeingia Dodoma na barua nazo zimeingia. Safari hii karibu zote ni za jiko la mkaa na kile kifaa cha ukutani kinacholia gesi ikizidi. Nimechagua zile ninazoweza kuzijibu bila kugombana na mtu.

*Shikamoo Afande. Nimepanga chumba na sebule Nkuhungu. Jumamosi walikuja vijana wawili wamevaa reflekta, mmoja kashika daftari. Wakasema wametoka jijini, kuna sheria mpya kwamba kila kaya iwe na kengele ya kugundua gesi ya mkaa, inaitwa kaboni monoksidi. Kifaa wanacho wenyewe, elfu sitini na tano. Asiyenunua faini laki moja papo hapo. Jirani yangu kalipa kwa simu. Mimi niliwaambia baba hayupo, wakasema watarudi. Nifanyeje? – Mama Nuru*

Marahaba Mama Nuru. Usilipe, na wala usiwafungulie.

Nimekagua majengo ya mji huu tangu Iyumbu ikiwa vichaka: hoteli, nyumba za wageni, vituo vya mafuta, maghala ya alizeti. Sikuwahi kumwandikia mpangaji karatasi kwa kukosa kengele ya kaboni monoksidi, na sikumwona mwenzangu aliyefanya hivyo. Mkaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji anafanya kazi chini ya Sheria Na. 14 ya mwaka 2007. Anakuja na kitambulisho, anajitaja jina na cheo, anaacha karatasi yenye maelekezo. Haji na begi la bidhaa. Anayekagua na kuuza hapohapo ni mchuuzi. Na hela ya Serikali siku hizi inapita kwenye ankara yenye namba yake maalumu ya malipo, na jina linalotokea kwenye simu ni la taasisi, si la Juma fulani.

Hiyo "sheria mpya" nayo ina njia yake. Sheria ndogo ya jiji hupitishwa na madiwani, huidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, kisha hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Ingekuwapo, mwenyekiti wako wa mtaa angekuwa ameshaisema mkutanoni, maana wenyeviti hawanyamazi jambo lenye faini. Wakirudi, waambie mwongozane hadi kwa mtendaji. Nadhani watakumbuka wana safari nyingine. Jirani yako asifute ule ujumbe wa muamala, aupeleke polisi pamoja na kifaa chenyewe.

Tena kabla hajakipeleka, akigeuze aangalie mgongoni. Kengele halisi ya kaboni monoksidi huwa imeandikwa EN 50291 kama imetengenezwa kwa viwango vya Ulaya, au UL 2034 kwa vya Marekani. Nyingi zinazouzwa huku ni za kugundua mtungi wa gesi unaovuja. Hicho ni kitu kingine kabisa, na kwa gesi ya mkaa hakitalia hata mkilala moja kwa moja.

Ila matapeli hao hawakuitunga gesi yenyewe. Mkaa unapowashwa unatoa moshi, macho yanawasha, na kila mtu ana akili ya kuuacha nje. Baadaye unawiva, unakuwa mwekundu, moshi unakwisha, na hapo ndipo watu wanasema "sasa umekaa sawa" wakauingiza chumbani. Kumbe ndani ya lile rundo jekundu hewa haitoshi kuuchoma mkaa mpaka mwisho, kwa hiyo inatoka kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Ikifika kwenye damu inashika chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyozishika. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, miguu inakosa nguvu. Akiwa usingizini hasikii chochote kati ya hivyo. Kulifunika jiko kwa majivu ili "lipoe" hakusaidii.

Zamani tuliponea kwenye ujenzi. Nyumba ya bati isiyo na dari ilikuwa na upenyo mzima kati ya ukuta na paa, baridi inaingia na gesi inatoka. Leo chumba cha kupanga Dodoma kina jipsamu juu, vigae chini na dirisha la alumini linalofunga mpaka vumbi la Agosti linashindwa kupita. Jiko ni lilelile la bibi.

*Afande, habari za kustaafu. Nina nyumba ya wapangaji sita Ilazo. Kijana wangu yuko Uingereza, amekuja likizo na kengele tatu za kaboni monoksidi, anasema huko mwenye nyumba asipozifunga halmashauri inampiga faini. Nizifunge wapi? Na kwa nini jiji letu lisituletee sheria kama hiyo? – Mzee wa Ilazo*

Mzee mwenzangu, habari za kustaafu ni nzuri, isipokuwa mtu akiunguza maharage mtaani naitwa mimi.

Kijana wako kasema kweli, lakini isikilize sheria yenyewe kwa makini. Uingereza, kwa upande wa England, tangu tarehe 1 Oktoba 2022 mwenye nyumba ya kupangisha anatakiwa aweke kengele ya kaboni monoksidi kwenye kila chumba cha kuishi chenye mtambo wa kudumu unaochoma mafuta, gesi au kuni. Jiko la gesi la kupikia limeachwa. Siku mpangaji anapoanza kukaa, kengele iwe imejaribiwa na inafanya kazi, na ikija kuharibika akatoa taarifa, mwenye nyumba airekebishe au aibadilishe. Akipuuza, halmashauri inampa notisi ya siku 28. Zikipita, halmashauri inaweza kufunga kengele yenyewe mpangaji akiridhia, na kumtoza mwenye nyumba hadi pauni 5,000.

Umeona anayebanwa ni nani? Ni wewe, mzee, si yule anayelipa kodi kwa miezi sita. California nako mwenye nyumba anapewa siku 30 za kurekebisha kwanza, ndipo faini, isiyozidi dola 200. Mkaguzi hazunguki kila mlango. Mambo yanaibuka mpangaji anapohamia, anapolalamika au nyumba inapouzwa.

Na wao hawakupatia siku ya kwanza. Jiji la Chicago lilianza kulazimisha kengele hizi majumbani tarehe 1 Oktoba 1994. Desemba hiyohiyo hewa ya baridi ikanasa chini, moshi wa magari na mitambo ya joto ukakosa pa kwenda, kengele zikaanza kulia mji mzima na simu za zimamoto hazikupumzika. Vifaa vilikuwa vyepesi mno kulia, ikabidi mwaka 1995 viwango vyake virekebishwe. Mimi nikifikiria zamu ile naumwa mgongo.

Sasa kwetu. Sheria ya England imeandikwa kwa ajili ya mitambo iliyojengewa ukutani, inayowaka miezi yote ya baridi nje ya macho ya mtu. Sisi muuaji wetu anabebwa kwa mikono miwili kutoka kibarazani. Ukimlazimisha mama wa Chang'ombe anunue kengele, kisha aingize jiko chumbani kama kawaida, kengele italia usiku wa kwanza, usiku wa pili atatoa betri. Nilijaribu ya kwangu jikoni, dirisha nimefunga, jiko la mkaa uliowiva nimeliweka sakafuni. Kioo chake kilipita 100 maji ya chai hayajachemka, na kelele yake si ya kuvumilia. Nililitoa jiko, nikafungua mlango, namba ikashuka polepole kuliko ilivyopanda. Hizo ni sehemu kwa milioni za hewa. Kwa kiwango cha Ulaya kengele inatakiwa ilie kati ya dakika 10 na 40 ikiwa kwenye 100, na ndani ya dakika 3 ikifika 300.

Kwa hiyo nikiulizwa na madiwani, na hawajaniuliza, ningesema waanze na wanaopokea hela za watu kulala: nyumba za wageni, hosteli za wanafunzi, nyumba za kupangisha zenye jenereta au mtambo wa gesi wa kuchemsha maji ya kuoga ndani. Hao wana leseni au mikataba, wana pa kukamatwa. Serikali nayo ilipopiga marufuku kuni na mkaa mwaka 2024 ilianza na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, haikuanza na sufuria ya kaya. Ile shabaha ya asilimia 80 ya Watanzania kupika kwa nishati safi ifikapo 2034 ndiyo itakayopunguza kazi hii kuliko daftari la faini.

Wewe lakini huhitaji kusubiri diwani. Ongeza mstari kwenye mkataba: ni marufuku jiko la mkaa au jenereta ndani ya chumba cha kulala. Halafu, na hapa ndipo wenye nyumba wengi wananikasirikia, wape wapangaji pa kupikia. Wapangaji sita, kibaraza kimoja, upepo wa Julai unavuma bila kizuizi, unategemea jiko likae wapi? Jenga banda dogo la jikoni lenye ukuta wa kukinga upepo na juu paachwe wazi. Matofali mia chache yatakugharimu chini ya kesi moja.

Zile kengele tatu: kama una mtambo wa gesi wa maji moto, moja iwe chumba hichohicho, umbali wa mita 1 hadi 3 kutoka kwenye mtambo. Ya ukutani ikae juu, sentimita 15 au zaidi chini ya dari, ila chumba cha kulala iwe usawa wa kichwa cha aliyelala. Usiiweke nyuma ya pazia. Kaboni monoksidi inachanganyika na hewa, haitambai sakafuni kama gesi ya mtungi, kwa hiyo fundi akikuambia aifunge karibu na soketi ya chini, anazungumzia kifaa kingine. Angalia tarehe ya mwisho mgongoni. Sensa huchoka baada ya miaka 7 au 10 kutegemea aina, hata betri ikiwa mpya.

*Shikamoo baba. Nina mtoto wa wiki mbili. Mama mkwe amekuja kuniuguza kutoka Mpwapwa, na kila usiku anaweka jiko chini ya kitanda ili mimi na mtoto tusipate baridi. Asubuhi kichwa kinaniuma na mtoto analegea, haamki kunyonya. Zahanati walinipima malaria, hakuna. Wakanibana kidole na kile kifaa cha oksijeni, ikasoma 98, wakasema niko sawa. Namwambiaje mama mkwe? – Mzazi, Kongwa*

Marahaba binti yangu, na hongera. Barua yako nimeshaijibu kwa simu siku ileile, lakini naichapa kwa ajili ya wengine.

Kile kibanio cha kidoleni hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksidi. Kinaona wekundu tu, kinasoma vizuri, na mgonjwa anarudishwa nyumbani. Ndiyo maana lazima useme mwenyewe, tena mlangoni: "Tumelala na jiko la mkaa." Ukishasema hivyo wanajua uwekewe oksijeni ya barakoa na upelekwe wanakoweza kupima damu. Kwa hewa ya kawaida inachukua saa 4 hadi 5 nusu ya sumu hiyo kutoka mwilini. Kwa oksijeni safi ni kama saa moja na nusu, au pungufu. Mtoto mchanga anayelegea si wa kungojea asubuhi. Mnatoka nje wote, milango inafunguliwa, jiko linatolewa na mtu mmoja kwa haraka, mnakimbilia hospitali. Mtu akiwa amezimia ndani, piga 114.

Mama mkwe usimwambie wewe. Mzazi wa wiki mbili hana nguvu za mazungumzo hayo, na yeye kaja kwa upendo, kalea wengi. Amwambie mwanawe, au muuguzi wa kliniki mbele yake. Apewe kazi badala ya katazo: maji ya moto anayachemshia nje, anajaza chupa, anaifunga vizuri na kuivisha soksi nene, anapasha kitanda kabla hamjalala kisha anaitoa. Mtoto akae kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kitenge juu. Joto hilo linamtosha mtoto hata Kibaigwa ya mwezi wa saba.

*Afande, hosteli kwetu tunaweka beseni la maji pembeni ya jiko ili linyonye gesi. Inafaa? Na jenereta ikikaa kibarazani mlango ukiwa wazi? – Mwanachuo, Iyumbu*

Beseni: hapana. Kaboni monoksidi karibu haiyeyuki kwenye maji. Vitunguu vilivyokatwa navyo hapana, kabla hujaniandikia tena.

Jenereta kibarazani: hapana vilevile, hasa mlango ukiwa wazi, maana ndio unaoiingiza. Itoke nje kabisa, mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba, na bomba la moshi lisielekee dirisha la mtu yeyote, hata yule wa chumba cha pili anayepiga muziki usiku.