Uzamili wa historia kwa mtandao ukiwa kazini: jibu kwa aliyeuliza

Mkuu, umeuliza kama uzamili wa historia kwa mtandao ni mteremko kuliko ule wa darasani, na kama mtu aliyesoma fani nyingine, tena mwenye kazi ya kutwa, anaweza kuumudu. Mimi niliusoma nikiwa kazini. Kumudu utamudu, ila huo mteremko usahau.

Kinachowashtua wengi mwanzoni ni kwamba hufundishwi matukio. Tarehe, vita na wafalme mhadhiri anachukulia utajisomea mwenyewe. Mnaowajadili ni wanahistoria: nani kasema nini, kwa ushahidi gani, na nani kaja kumpinga. Chukua chanzo cha Vita vya Kwanza vya Dunia. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 231, uliibebesha Ujerumani na washirika wake dhamana ya hasara zote. Baadaye wanahistoria wengi wakaigawa lawama kwa mataifa yote makubwa. Mwaka 1961 Fritz Fischer, mwenyewe Mjerumani, akachimba nyaraka za serikali ya nchi yake na kudai kwamba watawala wake walikuwa na mipango ya kujitanua. Wenzake wakamjia juu na mabishano yakadumu miaka. Mwaka 2012 Christopher Clark akairudisha tena lawama kwa wengi. Kwenye kozi hakuna atakayekuuliza vita vilianza lini. Utaulizwa Fischer alikuwa na nyaraka gani mezani ambazo waliomtangulia hawakuzitumia, na kwa nini swali hilo liliwauma Wajerumani wa miaka ile kuliko watu wengine. Ukishaanza kufurahia maswali ya namna hii, kutokuwa na shahada ya kwanza ya historia kunakoma kuwa tatizo.

Sasa usomaji, na hapa ndipo watu wanapokimbia. Kwa somo moja, kitabu kizima kwa wiki na makala mbili tatu juu yake ni kawaida. Ukikisoma neno kwa neno kama riwaya utazama. Anza na utangulizi, ruka uende hitimisho, kisha rudi usome mwanzo na mwisho wa kila sura, halafu chagua sura moja uichambue vizuri. Usidharau tanbihi, yaani yale maelezo ya chini ya ukurasa yanayotaja vyanzo. Mwandishi anayejenga hoja kubwa juu ya barua za maofisa peke yao, huku akidai anaeleza maisha ya wakulima, utamkamata kwenye tanbihi kabla hujamkamata kwenye maandishi yenyewe. Ukimaliza, andika aya moja kwa maneno yako: anadai nini, vyanzo vyake ni vipi, anabishana na nani, wapi panavuja. Aya hizo ndizo zitakazokuokoa muhula ukiisha na insha zikianza kudaiwa.

Mijadala mingi ni ya kuandika: unaweka mchango wako katikati ya wiki, kisha unawajibu wenzako kabla wiki haijaisha. "Nakubaliana nawe kabisa" haina maksi. Binafsi naona mjadala wa maandishi ni mkali kuliko wa ana kwa ana, kwa sababu mtu anakudai namba ya ukurasa na huwezi kujificha nyuma ya ufasaha wa mdomo. Kinachokosekana ni zile soga za baada ya kipindi, ambako mawazo mengi mazuri huzaliwa. Tafuta wenzako wawili watatu muwe mnapigiana simu. Kama kuna vipindi vya moja kwa moja, uliza vinafanyika saa ngapi kwa saa za huko. Usije ukakuta semina ya lazima inaangukia saa tisa usiku.

Kabla ya kulipa ada, swali kubwa liwe la maktaba, hata kabla ya jina la chuo. Je, ukiwa mbali unaingia kwenye hifadhi zipi za majarida? JSTOR ni nzuri sana kwa matoleo ya zamani, lakini matoleo mapya ya majarida mengi huchelewa miaka kadhaa kufika huko, kwa hiyo peke yake haitoshi kwa mjadala wa sasa. Je, wanakuskania sura ya kitabu ukiomba? Maktaba ikiwa dhaifu, kozi nzima itakuwa dhaifu.

Mada ya utafiti nayo ichague kwa kuangalia vyanzo unavyoweza kuvifikia. Kesi za mahakama ya Old Bailey ya London, za 1674 hadi 1913, ziko mtandaoni bure na unazitafuta kwa neno. SlaveVoyages, hifadhidata ya mtandaoni, ina kumbukumbu za safari zaidi ya 36,000 za meli za watumwa kuvuka Atlantiki. Lakini jihadhari: kilichopo mtandaoni ni kile ambacho mtu aliamua kukiskani, na mashine inayogeuza picha za kurasa kuwa maandishi husoma vibaya. Kwenye magazeti ya Kiingereza ya karne ya 18, herufi s ya mtindo wa zamani mara nyingi husomwa kama f, kwa hiyo neno ulilolitafuta linaweza kuwepo ukaambiwa halipo.

Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo, ni bure. Ianze siku ya kwanza, maana kupanga tanbihi za mtindo wa Chicago kwa mkono usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho ni adhabu.

Kwa kazi ya kutwa, chukua somo moja kwa muhula, usizidishe. Na kama una ndoto ya udaktari baadaye, usichague njia ya mitihani pekee hata kama inamalizika haraka. Chagua yenye tasnifu, kisha uliza mapema kama lugha ya pili ya kusomea vyanzo ni sharti. Hiyo ikikukuta mwaka wa mwisho, itakuchelewesha.