Paneli za bati na povu: mnauliza, tunajibu

Najenga chumba baridi cha zabibu hapa Hombolo. Niongeze unene wa bati au wa povu?

Povu. Paneli ni bati mbili zenye povu katikati; nafasi kati ya bati hizo ikiwa mara mbili ya mwanzo, paneli ndefu inakuwa ngumu kupinda karibu mara nne, na uzito hauongezeki sana. Bati nene linakula hela bure, maana chuma chenyewe ni nadra kushindwa. Bati bapa lililogandishwa kwenye povu la kilo 40 kwa mita ya ujazo hufanya makunyanzi upande unaobanwa mkazo ukifika megapaskali 70 hivi, wakati chuma kinahimili zaidi ya 200. Kwa hiyo mbane muuzaji kwanza kuhusu uzito wa povu, geji (unene wa bati) baadaye.

Fundi wa umeme alipita juu ya dari, kisigino kikaacha bonde. Nibadilishe?

Likiwa katikati ya paneli, ndiyo. Mtu wa kilo 80 akisimama kwa kisigino cha sentimita 25 za mraba anasukuma megapaskali 0.3; povu hilo huanza kupondeka kwenye 0.2 hivi, na bati jembamba halitawanyi mzigo vya kutosha. Bati la juu ndilo linalobanwa, na kunyanzi huanzia palepale povu lilipopondeka. Bonde lililo karibu na ukuta halina shaka kubwa. Mafundi watandikiwe mbao kabla ya kupanda, si baada ya lawama.

Paa letu la kijani iliyokoza, Mpwapwa, limejikunja juu ya papi ya kati. Upepo?

Jua. Bati la nje likifika nyuzi 65 na la ndani likabaki 25, paneli ya mita 6 yenye unene wa milimita 100 hutaka kupanda milimita 22 hivi katikati. Skrubu za papi ya kati zinaizuia, bati la juu linabanwa, linakunjamana. Si lazima mng'oe paa: mhandisi apige hesabu upya kana kwamba paneli imekatwa juu ya papi hiyo. Kila nusu ikijitosheleza, zibeni maji yasipenye, basi. Isipojitosheleza, ongezeni papi. Paa jipya lipakwe nyeupe.

Nitajuaje gundi imeachia?

Gonga kwa sarafu ya shilingi 200, kila sentimita 10. Penye gundi mlio ni mkavu. Palipoachia unasikika butu, kama pana uwazi. Zungushia alama kwa chaki, urudie baada ya mwezi. Duara likipanuka, paneli hiyo itolewe.