Maswali na majibu: Simu ikipigwa, nani anapokea?

Wiki hii tunajibu wasomaji walioandika kuhusu simu na vifaa vya kidijitali katika matibabu ya watu wanaoishi mbali na hospitali. Barua zilikuwa nyingi. Nimechagua zile ambazo majibu yake mtu anaweza kuyafanyia kazi mara moja.

Mimi ni muuguzi wa zahanati. Mtandao hapa ni wa kubahatisha. Tumeletewa tableti yenye programu ya kusajili wajawazito, lakini wenzangu wanasema bila intaneti ni pambo tu. Ni kweli?

Inategemea programu yenyewe, na unaweza kuipima leo hii. Zima data kabisa. Sajili mama mmoja wa majaribio, mpe jina ambalo kila mtu ataona si la kweli. Zima tableti, iwashe tena, halafu mtafute. Ukimkuta, ujue kumbukumbu zinakaa ndani ya kifaa na zinaweza kungoja kutumwa mtandao ukirudi. Mfute, uendelee na kazi. Usipomkuta, au programu ikigoma hata kufunguka, waambie walioileta kwamba haifai mazingira yenu, na msikubali kuitegemea mpaka irekebishwe. Programu nzuri pia huonyesha ni kumbukumbu ngapi bado zinasubiri kutumwa. Iangalie namba hiyo kila jioni kabla ya kufunga.

Kuna jambo hukuliuliza lakini naamini linakuumiza: kuandika mara mbili, kwenye rejista ya karatasi na kwenye tableti. Nimesikia kilio hiki kwa wauguzi wengi, na wana haki. Mwambieni mganga mkuu apange tarehe ya kuacha njia mojawapo, na aitangaze. Muda unaopotea hapo ni muda wa wagonjwa.

Baba ana miaka 70 na hataki kusikia habari za kutibiwa kwa simu. Anasema daktari asiyemgusa hawezi kumjua. Nimwambie nini?

Mwambie shaka yake ni ya haki, ila jambo lenyewe si geni. Huko Australia, mwaka 1929, Alfred Traeger alitengeneza redio iliyopata umeme kwa kukanyaga pedali, na familia zilizoishi mbali kabisa na miji zikaanza kuzungumza na madaktari. Kuanzia 1942 zikapewa masanduku ya dawa, kila dawa ikiwa na namba yake, ili daktari ataje namba redioni na mtu asikosee. Angalia mpango ulivyokamilika: upande mmoja alikuwepo daktari anayesikiliza, upande wa pili dawa ilikuwa tayari ndani ya nyumba. Redio peke yake isingemponya mtu.

Kwa mzee wako, simu inafaa sana kufuatilia ugonjwa ambao tayari unajulikana, kama shinikizo la damu au kisukari, mradi kuna mtu wa kumpima karibu na vipimo vikaandikwa. Inafaa pia kwa vidonda na upele. Piga picha kwenye mwanga wa mchana, moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha ni sehemu gani ya mwili, na uweke rula pembeni ili ukubwa uonekane.

Lakini maumivu makali ya kifua, kupumua kwa shida, upande mmoja wa mwili kulegea ghafla, damu kumtoka mjamzito, mtoto kupata degedege au kushindwa kunyonya: hayo hayangoji ushauri wa kwenye skrini. Hapo simu ni ya kuitia usafiri.

Dada yangu alijifungulia njiani kwa kukosa gari. Teknolojia ingemsaidia vipi?

Pole sana kwako na kwake. Mfano ninaouheshimu ni mfumo wa m-mama nchini Tanzania. Mtu anapiga 115, namba isiyokatwa salio. Anayepokea anauliza maswali yaliyopangwa ili ajue hali ya mama au kichanga na kituo cha kumpeleka. Gari la wagonjwa likikosekana au likiwa mbali, anaitwa dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyekwisha kusajiliwa, naye hulipwa kwa pesa za simu. Familia haiambiwi itafute nauli usiku wa manane. Simu ya kitochi inatosha, kwa sababu kazi ngumu ilishafanywa kabla: kuwaandikisha madereva, kuwaandaa wapokeaji na kutenga fedha za kuwalipa.

Simu ya nyumbani tunaitumia wote. Natumia dawa za ugonjwa ambao sitaki familia iujue. Nijiunge na ujumbe wa kukumbushwa?

Uliza kwanza ujumbe unasemaje. Ukitaja jina la dawa, jina la ugonjwa au hata jina la kliniki, kataa.

Kulinda siri yako hakuharibu tiba. Katika utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2010, watu 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya VVU waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa kila wiki neno moja tu: "Mambo?" Wao walitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyesema shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa na mhudumu wa afya. Waliomeza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, dhidi ya 50 kwa wasiotumiwa ujumbe. Yeyote angeweza kuishika simu ile asiambulie siri yoyote. Nami naamini kilichowasaidia zaidi ni kujua kwamba wakijibu "Shida", mtu atapiga.

Kwa hiyo waombe maneno ya kawaida kama hayo, chagueni saa ambayo simu huwa mikononi mwako, na ufute ujumbe ukishausoma.

Tunapima oksijeni kwa kifaa cha kidoleni. Tukiiona asilimia 94 tuwe na amani?

Msiwe na amani kwa namba peke yake. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wagonjwa weusi walikuwa na uwezekano wa takribani mara tatu zaidi ya weupe wa kuwa na upungufu wa oksijeni ambao kifaa hakikuuona. Toa rangi ya kucha, pasha vidole vilivyo baridi, subiri namba itulie. Mgonjwa akitweta huku namba ikiwa nzuri, mwamini mgonjwa.

Droni, zile ndege ndogo zisizo na rubani, zinaleta faida au ni maonyesho?

Kwa kupeleka damu hospitalini zinaleta. Rwanda imezitumia tangu 2016, na moja ya faida ni kwamba damu inayoharibika kwa kupitwa na muda imepungua, maana hospitali ndogo hazilazimiki tena kujilimbikizia akiba.

Shirika limetuletea mradi wa afya kwa simu. Sisi viongozi wa kijiji tuulize nini?

Ulizeni kuhusu siku watakayoondoka. Nani atalipia vocha, nani atabadilisha betri, na taarifa zetu zitaingia kwenye mfumo wa wizara au zitabaki kwenye kompyuta zenu? Mwaka 2012 Wizara ya Afya ya Uganda ililazimika kusimamisha miradi mipya ya aina hii, kwa kuwa ya majaribio ilikuwa imezagaa bila kuunganishwa.

Kisha ombeni namba ya huduma na mpige palepale kikaoni. Rudieni usiku wa Jumamosi. Isipopokelewa, mradi usizinduliwe kwanza.