Maswali ya Wasomaji: Mhogo haushikwi na batobato, mbona unaoza ndani?

Nilipanda mbegu niliyoambiwa haipati batobato. Majani mazuri, shina limenyooka, lakini baada ya miezi 12 nimeng'oa na kukuta mizizi ina madoa ya kahawia, makavu kama gome. Nimedanganywa? (Msomaji, Sengerema)

Hukudanganywa, ila uliambiwa nusu. Hiyo ni michirizi ya kahawia, na mbegu yako haikuahidiwa kinga yake. Batobato, ugonjwa wa kutia majani mabaka na kuyakunja, na michirizi huenezwa na inzi weupe na pingili (vipande vya shina vya kupandia) zenye ugonjwa, lakini virusi vyake ni vya koo tofauti.

Kinga ya batobato inayotumika sana, CMD2, hutokana na jeni moja tawala. Mche ukirithi nakala moja tu, unakinza. Mzazi mwenye nakala moja akichavushwa na asiye nayo, karibu nusu ya watoto huipata. Mwaka 2022 watafiti waliihusisha na jeni ya kimeng'enya ambacho mmea hutumia kunakili DNA yake, yaani maandishi yake ya urithi. Virusi vya batobato ni vya DNA na havina kimeng'enya chao cha kunakili; huazima cha mwenyeji. Virusi vya michirizi ni vya RNA, maandishi ya urithi ya aina nyingine, na vinakuja na chao. Kufuli la CMD2 haliwahusu hawa wa pili.

Kinga ya michirizi ni jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Sehemu yake ilitoka kwa jamaa wa mhogo, mti wa mpira wa Ceará, uliochanganywa na mhogo kule Amani, Tanga, kuanzia miaka ya 1930. Ugonjwa wenyewe ulielezwa hukohuko mwaka 1936. Kukusanya jeni nyingi ndani ya mche mmoja ni kazi ya miaka. Kwa muda mrefu, tena, michirizi ilihesabiwa ugonjwa wa pwani, chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia 2004 ilionekana ikisambaa Uganda juu ya kimo hicho, na ziwa letu, Victoria, liko mita 1,134. Mbegu nyingi za zamani za kanda hii hazikuchaguliwa kwa kuitazama michirizi.

Angalia pia neno "kuvumilia", ambalo si sawa na kukinza. Mbegu kama Kiroba ya pwani inaweza kuwa na virusi na mizizi ikatoka salama kwa kiasi kikubwa. Mkulima anafurahi, anagawa pingili, na jirani mwenye mbegu dhaifu ndiye anayelipa.

Msimu huu usichukue pingili hata moja kwenye shamba hilo. Mashina yaliyobaki yavune sasa, na msimu ujao uvune mapema, miezi 9 au 10, kwa sababu madoa huongezeka mizizi ikikaa. Kata sehemu zilizooza kabla ya kuvundika udaga, la sivyo unga hautakuwa mweupe.

Nitajuaje kama ugonjwa umekuja na pingili au umeletwa na inzi shambani? (Msomaji, Misungwi)

Kwa batobato, tazama dalili zilipoanzia. Ukitoka kwenye pingili, majani ya kwanza kabisa, yale ya chini, huchipua yakiwa na mabaka na kujikunja. Ukiletwa na inzi, majani ya chini ni safi na ya juu ndiyo yaliyoharibika. Ukikuta ya namna ya kwanza kwa wingi, badili ulikotoa mbegu. Kunyunyizia dawa ya wadudu hakutaponya mche. Kagua kuanzia wiki ya nne hadi mwezi wa tatu, ng'oa wagonjwa, jazia mapengo kwa pingili safi.

Michirizi haifuati kanuni hiyo. Huanzia majani yaliyokomaa ya chini: manjano yanayofuata vena ndogo, jani lenyewe halijikunji. Wengi hudhani ni uzee wa jani.

Kwa hiyo chagua mashina mama kabla kiangazi hakijapukutisha majani, uyafunge kamba. Siku ya kukata, fukua mizizi ya kila shina na uikate vipande sehemu kadhaa, maana doa linaweza kuwa ncha moja tu. Lenye doa, achana nalo. Pingili iwe ya katikati ya shina, sentimita 20 hadi 30, macho 5 hadi 7. Ukipanda mita 1 kwa 1, ekari inakula takriban pingili 4,000.

Chini ya mihogo yangu mizuri imeota miche kutokana na mbegu za tunda. Niizidishe? (Msomaji, Ukerewe)

Hapana. Hao ni watoto, si nakala. Mhogo una jeni mchanganyiko mno. Ndugu wa tunda moja hutofautiana kwa kinga, uchungu na wingi wa mizizi.

Kinga ya batobato ni jeni moja tu! Virusi havitaizoea? (Msomaji, Ilemela)

Hofu yako ina msingi. Ngano ilitegemea jeni Sr31, iliyotoka kwenye nafaka ya rai, kuzuia kutu ya shina, ugonjwa wa ukungu, hadi 1998 ilipogunduliwa Uganda kutu iliyoishinda, Ug99. Kutu hupeperushwa na upepo umbali mrefu; virusi vya mhogo husafiri zaidi kwa inzi na kwa mizigo yetu ya pingili. Lakini virusi vikali vya batobato vya Uganda vilitokana na aina mbili kuunganisha vipande vyao, jambo linalohitaji aina hizo zikutane ndani ya mche mmoja. Mche mgonjwa unaouacha kwa kuuonea huruma ndio mahali pa kukutania.