Nunua njia, mwanangu

Mwanangu,

Mbukwa. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza mama yako alikuwa anaujibu kabla hujamaliza kuongea. Unauliza mkajenge Ihumwa, kule pembeni, au mwendelee kupanga Area C, Dodoma mjini. Unataka faida na hasara.

Faida unazijua. Kodi ya miezi sita mnayompa mwenye nyumba ni tofali na saruji, na wajukuu zangu watapata pa kukimbia. Hasara nazo unazijua: vumbi la Agosti, kisima cha maji ya chumvi, na bodaboda wa usiku anayekutajia bei huku anaangalia pembeni.

Ila hiyo pembeni ni pembeni ya nini? Tangu 1973 tuliambiwa makao makuu yanahamia Dodoma, tukaota mvi tukisubiri. Leo ofisi yako iko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kilomita kama 17 kutoka mjini, na hata mabasi ya mikoani yanashusha watu Nanenane, upande huohuo. Ukihamia Ihumwa wewe kazini ni pua na mdomo. Atakayekuwa anakaa mbali ni mumeo, anayewahi zamu hospitali mjini. Sijui kama mmeliongea hilo.

Mimi neno langu mnalijua: usinunue kiwanja, nunua njia.

Kile cha Nkuhungu nilikwenda kukiona mwezi wa tisa, 1997. Korongo la njiani lilikuwa mchanga mtupu, nikamwambia mama yako ni dakika 20 tu kwa baiskeli. Tukahama Majengo. Desemba ikaja na mvua za Elinino.

Siku ile nilifika korongoni saa mbili usiku. Ng'ambo naiona koroboi yetu dirishani, hatua 60 hazifiki, na wewe nakusikia unalia. Nikiita, sauti inaishia kwenye maji. Mgunga mzima ulipita mbele yangu, mizizi juu. Nikachuchumaa pale na baiskeli yangu mpaka alfajiri, maji yalipofika magotini nikavuka. Mama yako akanitazama suruali, akanusa, akasema, "Korongo la wapi hilo linanuka bia?"

Ilikuwa chupa moja, Ijumaa, na wenzangu wa kazini. Mvua ilianza saa kumi na moja. Ningetoka kazini moja kwa moja ningevuka. Lakini pangekuwa na kalavati, chupa moja isingekuwa kesi ya miaka yote hii. Haya, nimeanza tena kujitetea.

Ulikuwa na homa usiku ule. Majengo mama yako angegonga ukuta tu, uani pote pangeamka, na mmoja wao angekubeba. Nkuhungu jirani wa karibu alikuwa ng'ambo ya shamba la mtama, na ana mbwa. Mama yako alikukanda na kitambaa peke yake mpaka kukacha. Hilo huwa halisemi. Husema la bia.

Na bado siwezi kuitukana nyumba ile. Vile vyumba viwili vya mbele tulivyopangisha ndivyo vilivyokulipia ada, wewe na kaka yako. Tungebaki Majengo ningekuwa nimempa mwenye nyumba hela yote ile. Kalavati lenyewe lilikuja ukiwa sekondari.

Kwa hiyo sikwambii jenga, wala sikwambii usijenge. Ningekuwa mimi... basi, wenye nyumba ni nyinyi. Ila msiende na gari la dalali. Dalali anapenda kiangazi. Nendeni Januari, mvua ikiwa imetoka kunyesha, jioni, kwa daladala, mteremke na watoto, muone mtakavyofika.

Mama yako yuko hapa anachambua mlenda. Anasema nikuulize, kutoka pale daladala inaposhusha mpaka kwenye hicho kiwanja, mnavuka makorongo mangapi.

Baba