Kwa nini tulirudi London kuyaaga mabasi ya Routemaster

Ndugu, umeuliza kwa nini wapenzi wa mabasi tulirejea London Desemba 2005 kuyaaga mabasi ya Routemaster, yale mekundu ya ghorofa mbili, ilhali yalikuwa makuukuu. Umri haukuwa tatizo kubwa kama unavyodhani, kwani bodi yake ya alumini ilistahimili kutu, na mengi yalikuwa yamefungwa injini mpya. Kilichoyaondoa ni gharama ya kumlipa kondakta, pamoja na ngazi ya nyuma isiyo na mlango, ambayo mtu anayetumia kiti cha magurudumu hakuweza kuipanda. Hoja hiyo ya pili, kwa maoni yangu, haikuwa na jibu. Tarehe 9, basi la mwisho la Routemaster la njia namba 159 lilichelewa kufika Brixton, kusini mwa London, kwa sababu ya umati uliofurika barabarani.