Meza pacha za mninga na mgrevilea: kwa anayeanza

Meza mbili ndogo za sebuleni zina ugumu ambao meza moja haina: zitalinganishwa. Mguu mmoja ukizidi milimita 3, au mstari wa mninga wa katikati ya uso ukiwa mpana zaidi kwenye meza hii kuliko ile, mgeni ataona kabla hajaketi. Kwa hiyo wewe unayejifunza useremala kwa kupenda tu, jioni na Jumamosi, jua kwamba ufanano unaanzia siku ya kununua mbao. Msasa na vanishi haviwezi kuuleta baadaye.

Huku Moshi mgrevilea haupo mbali, kwani ndio mti wa kivuli kwenye mashamba mengi ya kahawa na migomba. Mbao yake ni nyepesi, rangi yake imepauka kwa wekundu kidogo. Mninga unatoka mbali, kwenye misitu ya miombo kama ile ya Tabora, na bei yake unaijua. Napendekeza uso wa meza uwe wa mgrevilea, na mninga uutumie kwa miguu na mstari mmoja wa katikati. Omba risiti, na chagua mbao ndefu ambayo moja inatosha nyuso zote mbili. Mbao mbili za miti tofauti hazitafanana hata kama zote ni mgrevilea.

Sasa usikimbilie msumeno. Mbao nyingi za mgrevilea huuzwa zikiwa bado na maji. Zipange ndani ya nyumba, weka vijiti kati ya mbao na mbao ili hewa ipite, kisha chagua mbao moja uipime kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao imeshazoea hewa ya nyumba yako. Kama meza zinakwenda Arusha, kwenye baridi na ukungu wa Juni na Julai, ziache mbao zikazoee huko kwanza. Hili ndilo wanaoanza hulidharau zaidi, na ndilo linalopasua meza nzuri.

Kabla ya kukata, panga vipande vya uso kama vitakavyokaa, kisha chora pembetatu kubwa ya penseli ikivikata vyote. Ukivichanganya, pembetatu itakuambia kila kimoja kirudi wapi. Andika A kwenye vipande vya meza moja na B kwenye vya nyingine.

Futi kamba iweke pembeni. Chukua fito moja iliyonyooka, weka juu yake alama zote za urefu, na upimie hiyo hiyo kwa meza zote mbili. Miguu yote minane ikatwe kwa mfululizo, ikigota kwenye kizuizi kimoja kilichofungwa mezani. Kuranda vilevile: vipande vyote vya unene mmoja vipite kwenye mashine bila kubadilisha kipimo.

Uso wa meza usiugandishe kwa gundi kwenye fremu, yaani mbao zinazounganisha miguu chini yake. Mbao hutanuka kwa upana wake masika na kunywea kiangazi, wakati urefu haubadiliki kiasi cha kuonekana. Tumia skurubu, na matundu yake kwenye fremu uyafanye marefu kuelekea upana ili mbao ipate pa kwenda.

Msasa una mtego wake. Mgrevilea ni laini kuliko mninga. Ukisugua kwa mkono mtupu utachimba pande mbili na mstari utabaki umeinuka. Funga msasa kwenye kibao kilichonyooka. Vumbi la mninga nalo huingia kwenye vinyweleo vya mbao ya mgrevilea na kuipaka wekundu, kwa hiyo lipulize mara kwa mara, usilifute kwa kitambaa kibichi. Na vaa barakoa, vumbi hilo linawasha kifua.

Vanishi ipake meza zote siku moja, kutoka kopo moja. Miezi ya mwanzo usitandike kitambaa cha kudarizi juu ya moja ukaiacha nyingine wazi, kwa sababu mwanga hubadilisha rangi ya mbao zote mbili, na palipofunikwa patabaki na alama.